Nakala Iliyopigiwa Vigelegele

Kihesa, Iringa
11 Februari 1976

Mdogo wangu Bushiri,

Asalaam alaykum. Kaa chini kwanza ndipo usome, maana najua tabia yako ya kusoma barua zangu umesimama dukani huku unampimia mteja kitenge. Hapa Kihesa sote wazima. Mvua inanyesha bila kupumzika, mahindi mabichi tele, na kuku wangu mwekundu kaatamia mayai ya bata bila kuulizwa na mtu. Chumba cha uani nimempangisha kijana wa Kihehe anaitwa Liberatus, fundi redio. Kila asubuhi ananisalimu "kamwene mama", halafu anaanza kuchokoa makorokoro yake, redio za watu zimejaa mpaka barazani kwangu. Mimi sijambo. Shingo imenenepa kidogo, majirani wanasema ni dalili ya raha, nami siwabishii.

Sasa neno lenyewe. Dereva Maganga akirudi Mbeya na lori lake atakuletea kifurushi nilichokifunga kwa kanga kuukuu. Ndani mna kaseti. Nimeimba humo nyimbo zote za kumsinga mwanao Waridi kwa liwa kabla ya ndoa yake, tangu ya kumkalisha mkekani mpaka ya kumfunika, na ule mshororo wa shangazi nimeuweka mahali pake. Unajua mwenyewe kwamba kwetu mshororo huo hausemwi na mtu yeyote ila dada wa baba, na dada yako ni mimi peke yangu. Bila huo, mwari hakusingwa, kapakwa liwa tu. Liberatus alinionyesha vitufe vya kubonyeza, kisha nikamtoa nje akakae mbali, kwani nyimbo hizi si za kusikilizwa na mwanamume.

Nataka sana kuja harusini hiyo Agosti, lakini dunia ina mambo. Nisipofika kwa sababu yoyote ile, kaseti itakaa mahali pangu. Kwa hiyo itengenezee nakala, tena upesi. Ukishamaliza usiziweke kanda mama, yaani hii yangu, na nakala kwenye sanduku moja, panya akiingia hachagui. Nyuma ya kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunje, ili asije mtu akarekodi mpira juu ya sauti yangu. Na Waridi asisikie hata neno moja kabla ya siku yake. Ni mwiko, na wewe unajua.

Mama Waridi msalimie sana. Mwambie yale maharage aliyoniletea yamekwisha, nami sina haya kusema.

Dada yako,
Mwanakhamisi


Mbeya
17 Machi 1976

Dada Mwanakhamisi,

Shikamoo. Nimekaa chini kwenye robota la vitenge, kwa hiyo usinigombeze. Sisi hatujambo. Maulidi tumesoma vizuri, watu walijaa mpaka barabarani, na ubani ulifukizwa hadi imamu akakohoa. Mchumba wa Waridi, yule Muharami wa kule Rujewa anayefanya kazi kwenye mashine ya mpunga, alikuja Ijumaa na gunia la mchele na maneno machache. Mimi nampenda kwa hayo maneno machache. Mama Waridi anampenda kwa mchele. Ile shingo yako inenepe polepole, tusije tukashindwa kukukumbatia.

Kaseti yako imefika salama. Nakala je? Dada, hiyo ni hadithi.

Ninayo redio kaseti yangu, na nyingine nimeazima kwa jirani yetu Atuganile, Mnyakyusa mmoja mcheshi ambaye mumewe yuko reli. Tukaziweka mkekani zinatazamana, hii iimbe na ile isikilize. Kwa kuwa mama Waridi anaogopa vitufe kama nyoka, tulikubaliana mimi nibonyeze kisha nitoke, wanawake wabaki. Nikatangaza kimya. Watu wote wakafunga vinywa, hata mama mkwe wangu. Nikabonyeza. Kabla sijafika mlangoni ikatoka sauti yako: "Asalaam alaykum, watu wa nyumba hii."

Basi nyumba nzima ikaitikia. Mama mkwe kaitikia kwa kirefu mpaka warahmatullahi wabarakatuh, akaongeza na "habari za Iringa". Atuganile, ambaye ni Mlutheri, naye kaitikia. Mimi mwenyewe niliyetangaza kimya nimeitikia kuliko wote, kwa sababu dada mkubwa akikusalimu unafanyaje? Ukanyamaza uonekane huna adabu? Nikaisimamisha, nikafoka, nikaanza upya. Ukasalimu tena. Wakaitikia tena. Mama mkwe akasema yeye hawezi kuipa kisogo salamu ya mtu aliyesafiri kutoka mbali namna hiyo.

Nitajaribu siku nyingine wakiwa wamechoka.

Mdogo wako,
Bushiri


Kihesa
29 Machi 1976

Bushiri,

Barua yako nimemsomea Liberatus, tumecheka mpaka kachoma kidole kwa ile pasi yake ya kuunganishia nyaya. Mama mkwe wako mpe salamu zangu, mwambie habari za Iringa ni njema. Vifaranga vya bata vimetoka, vimeingia dimbwini, na kuku mama yao anapiga kelele ukingoni kutwa. Namwonea huruma lakini yalikuwa mayai yake? 

Haya, sikiliza maneno ya fundi. Kwanza, anza kurekodi baada ya salamu, usianzie kwenye salamu. Sikuwazia kwamba ninyi ni watu wa kuitikia redio. Pili, tia betri mpya pande zote mbili. Nakala ikirekodiwa na betri iliyochoka, siku ya kuipiga kwa betri mpya sauti itakimbia, nitalia kama kifaranga. Tatu, chukua pamba na spiriti, ufute kile kichuma ambacho ukanda unapitia, maana vumbi la Mbeya nalijua. Kuna pia waya wa kuunganisha redio mbili, sauti ikapita humo ndani bila kelele za watu, lakini hapa Iringa haupo, Liberatus kauagiza Dar es Salaam. Usiusubiri. Fanya sasa hivi na hivyo ulivyo navyo.

La mwisho ndilo kubwa. Nakala ikishatoka isikilizwe yote, upande wa kwanza na wa pili, mpaka ukanda ufike mwisho. Nakala isiyosikilizwa ni mbuzi kwenye gunia. Wewe usisikilize, wewe mwanamume. Mama Waridi akae kitako aisikilize, na asiwe anachambua mchele huku.

Nijibu upesi. Safari hii nasema upesi kweli.

Mwanakhamisi


Mbeya
4 Mei 1976

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Baridi imeanza. Mama Waridi anakusalimu, amekuwekea maharage debe zima.

Ile kazi imekwisha. Nakala imetoka, wanawake wameisikiliza, wote wamesema nzuri sana. Imewekwa mahali pazuri.

Bei ya vitenge imepanda tena. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Bushiri


Kihesa
15 Mei 1976

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimegeuza barua yako nyuma na mbele nikidhani kuna karatasi nyingine imebaki kwenye bahasha. Mtu aliyeniandikia ukurasa mzima kuhusu mama mkwe kuitikia salamu, leo ananiambia habari ya nyimbo za bintiye kwa maneno ya simu ya maandishi. Nimekulea, Bushiri. Ulipovunja mtungi wa mama ulikuja ukaniambia kwamba baridi imeanza.

Nakuuliza na unijibu. Nakala ni moja au mbili? Iko wapi na kanda mama iko wapi? Mshororo wa shangazi unasikika? Na hao wanawake waliosema nzuri, walisikiliza au walikuwa wanacheza?

Tafadhali nitumie nakala moja huku Iringa. Ikiungua nyumba yako, Mungu apishe mbali, ibaki yangu, na ikiungua yangu ibaki yako. Mpe Maganga.

Mimi nitakuwa safarini kidogo kuanzia mwisho wa mwezi huu, kwa hiyo nikichelewa kujibu usishangae wala usitume mtu. Kuku nimemwachia Liberatus.

Dada yako,
Mwanakhamisi


Mbeya
20 Juni 1976

Dada yangu Mwanakhamisi,

Shikamoo, popote ulipo, ingawa sasa najua ulipo. Waridi hajambo, mama yake hajambo, na mimi sina hali.

Jana Maganga alikuja dukani kununua kitambaa cha mkewe. Nikamuuliza habari zako, akaanza kutazama dari. Nikamkazia macho mpaka akasema. Kakuona hospitali, umekaa kwenye benchi, bandeji shingoni, unaandika kwenye karatasi na kumpa muuguzi asome. Hukumwambia Maganga neno, ulimwekea kidole mdomoni tu. Dada, tezi imekua shingoni namna hiyo, unaniandikia kwamba ni dalili ya raha? Safarini kidogo? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo kwa fimbo. Nililia dukani mbele ya wateja. Nakwambia hivyo ujue, na sioni haya.

Hasira ilipoisha nikaelewa kwa nini ulikuwa unasema upesi, upesi. Hapo tena ndipo nilipokosa usingizi, kwa sababu nami nimekuficha.

Kanda mama haipo. Tulifanya kama alivyosema Liberatus, tukaruka salamu, tukatia betri. Ya kwanza betri zilikuwa za zamani zilizoanikwa juani, ukatoka unalia kama kifaranga kweli, tukarekodi upya juu yake. Iliyofuata ikatoka safi, sauti yako yenyewe, ungedhani umekaa chumbani. Mimi nje, wao ndani. Nikauliza vipi, wakasema nzuri sana, na Atuganile akaniambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, mara tatu kwa kumwalika. Nikavunja vijino. Siku ya pili nikataka kufanya nakala nyingine ya akiba, na hapo mashine ile ya kuazima ikaumeza ukanda wa kanda mama. Tulipofungua ulikuwa umejisokota kama utumbo wa kuku. Niliukunjua kwa penseli mpaka vidole vikaniuma, lakini umekatika na kujikunja mahali pengi.

Nikajiambia si kitu, nakala ipo. Ndipo barua yako ikaja na maswali. Nikamwambia mama Waridi asikilize tena, akiwa kimya, mkono shavuni. Akatoka kainamisha kichwa. Nyimbo zote zimo, ila ulipofika kwenye mshororo wa shangazi, Atuganile alishindwa kujizuia akapiga kigelegele, na wenzake wakampokea. Kwao ndiyo maana ilikuwa nzuri sana. Chini ya kigelegele hakuna hata neno lako moja. Na sababu ya kusema ilikuwa safi ni kwamba mimi, mwenye kazi, sikuruhusiwa kusikia, na walioruhusiwa walikuwa wanashangilia.

Nakutumia kanda mama hiyo mbovu kwa Maganga, pengine Liberatus anaweza lolote. Nisamehe. Halafu uniambie ukweli mmoja tu, kwa mkono wako: sauti imebaki?

Ndugu yako,
Bushiri


Kihesa
12 Julai 1976

Bushiri mdogo wangu,

Asalaam alaykum. Nimerudi nyumbani, nakula uji na mayai ya bata, na watu wanakuja kuniona wakiwa na ndizi kama nimejifungua. Usilie tena dukani, utafukuza wateja.

Umeuliza, nakujibu. Daktari aliniambia tangu Januari kwamba tezi imekalia bomba la pumzi na kwamba karibu yake umepita mshipa wa sauti. Akaniambia wazi, kuitoa nitapumua, lakini sauti hana ahadi nayo. Nikamwomba aningoje niimbe kwanza. Akacheka akidhani natania. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia ungefunga duka, ungekuja kukaa hapa unanitazama shingo, na harusi ya mtoto ingegeuka matanga. Hilo sijutii. Sasa napumua mpaka najishangaa. Sauti imetoka kama jogoo mwenye mafua. Maneno ya kuombea chumvi yanafika, wimbo haufiki. Daktari kasema nisijaribu kuimba mpaka mwakani, na hata hapo tutaona.

Kanda mama nimeipokea. Liberatus kaikata, kaiunga, kainyoosha kwa kucha. Imetoa salamu yangu, ikatoa kilio cha paka, ikanyamaza. Basi imekwisha hiyo. Usijilaumu, maji yamemwagika.

Kuhusu mshororo, sitakuficha, hilo limeniuma kuliko kisu. Nilichukua kalamu nikuandikie maneno yake. Nikaiweka. Nikuandikie ayaseme nani? Mama yake si dada wa baba. Atuganile, na vigelegele vyake, si dada wa baba. Na mimi siji, Bushiri, usinibembeleze. Sitakwenda kumkalia mwari mbele nimnong'oneze kama mtu anayeuza magendo. Piga nakala hiyo hiyo. Mshororo wangu upite chini ya kigelegele, Mungu atausikia.

Ila nakala moja bado ni moja. Waya umefika kutoka Dar es Salaam, Maganga anao. Unganisha redio mbili, usiziweke tena kutazamana, tengeneza nyingine, uifiche kwa Atuganile, hapo itakuwa nyumba tofauti. Na safari hii asikilize mtu asiyependa harusi.

Dada yako,
Mwanakhamisi


Mbeya
19 Agosti 1976

Dada Mwanakhamisi,

Shikamoo. Harusi imepita salama, Alhamdulillahi, tumewahi kabla ya Ramadhani. Waridi yuko Rujewa kwa mumewe tangu Jumapili, na nyumba imepoa mpaka mama mkwe analalamika kwamba hakuna wa kumgombeza. Muharami alisema maneno yake machache mbele ya kadhi, na wali ulioletwa na watu wao ulitosha mtaa mzima. Waya wako ulifanya kazi ya ajabu. Nakala ya pili ilitoka sawasawa na ya kwanza, kigelegele kwa kigelegele, tukaificha kwa Atuganile. Sasa nikusimulie ya Alhamisi, siku ya singo.

Mimi nilikuwa uani na wanaume. Usiniulize kwa nini dirisha la chumba kile lilikuwa wazi. Waridi alikaa mkekani, kafunikwa kanga, kichwa chini, anasingwa kwa liwa na mrehani. Redio ikawekwa kwenye kiti kirefu kile ambacho ungekikalia wewe. Ulipoanza kuimba wanawake wote walinyamaza, kisha wakakuitikia, na nikasikia mama Waridi analia. Nyimbo zikaenda vizuri, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukafika kwenye mshororo wa shangazi, na kigelegele cha Aprili kikalipuka ndani ya redio.

Kilipokwisha, hakuna aliyejua la kufanya. Kiitikio wazee wanakijua, lakini utaitikiaje neno usilolisikia? Kaseti ikaendelea peke yake. Mama mkwe akasema kwa sauti, "Hapa pamebaki tundu." Mtu akaizima redio. Dada, hata huku nje wanaume wakaacha kahawa.

Ndipo ikatoka sauti chini ya kanga. Mwari, dada. Mwari ambaye hasemi, hainui macho, hata akiulizwa kama ana kiu anatikisa kichwa. Waridi akaimba, polepole, kwa mahadhi yako yale yale, hata ile pumzi unayoivuta katikati kaivuta:

*Njia ya kwenda ni yako,*
*mlango wa kurudi ni wangu.*

 Halafu mama mkwe, ambaye ndiye mkali wa mila kuliko wote, akaitikia, "Haufungwi, mwari, haufungwi," na chumba kizima kikampokea. Atuganile aliziba mdomo wake kwa mikono miwili mpaka mwisho.

Baadaye mama yake alimuuliza maneno hayo kayajulia wapi. Kasema kila tulipokuwa tunarekodi, sisi tukimlinda asiingie chumbani, yeye alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Kasikiliza kanda mama tangu ile ya salamu mpaka siku ilipomezwa, hata ile mara ya betri kuukuu ambapo hakuna aliyepiga kigelegele. Ndiye pekee nyumbani mwangu aliyesikiliza bila kushangilia. Nami nilikuwa nimempeleka kwenye hicho chumba cha jikoni kwa mkono wangu, ili asisikie.

Wengine wamenung'unika kwamba mwari kavunja mwiko. Mimi sikunung'unika. Nilitoka nje ya ua nikajifanya natazama kama mvua itanyesha, mwezi wa nane.

Mdogo wako,
Bushiri


Kihesa
3 Septemba 1976

Bushiri,

Marahaba. Ramadhani karim. Mimi sifungi mwaka huu, daktari kanikatalia, nitalipa nikiwa na nguvu. Mabata yamekua, kuku mama yao kasalimu amri, analala peke yake. Liberatus, Mkatoliki, ndiye anayenikumbusha saa za futari ili nisikose kupika kwa ajili ya majirani.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kuteka maji ambayo sikuyahitaji, nikarudi nikaisoma tena. Kusikiliza nyuma ya mlango ni utovu wa adabu, na Waridi nitamwambia hivyo usoni. Kuimba mwari ni utovu mkubwa zaidi. Na wewe na dirisha lako tutaonana siku yenu. Nimeyasema hayo kwanza kwa sababu nikianza na mengine nitalowanisha karatasi. Nilipolala kwenye kitanda cha kupasuliwa, nilikuwa naomba jambo moja tu, kwamba isije ikawa mimi ndiye wa mwisho kuyajua maneno hayo. Basi sikuwa wa mwisho. Mwambie shangazi yake kafurahi mpaka kashindwa kula.

Lakini nisikilize vizuri. Mwari hajipi mlango mwenyewe. Pale mkekani kajiambia "mlango wa kurudi ni wangu", sasa mlango gani? Wa nani? Mlango ni huu wa Kihesa, wenye rangi ya bluu, na mwenye kuutoa ni mimi. Mtoto kazuia aibu siku ile, na ahsante yake, ila ahadi bado haijatolewa na mwenyewe. Muharami ni kijana mwema, nakubali. Hata mwema anatakiwa ajue mkewe ana kwao pawili.

Kwa hiyo Idi pili nitapanda basi la asubuhi, nishukie njia panda ya Rujewa. Uje unipokee hapo na baiskeli au trekta la mtu, chochote kile. Nitakwenda mpaka nyumbani kwao, Waridi akae chini mbele yangu, na Muharami akae karibu naye, wanaume wengine watatuwia radhi. Redio ibaki Mbeya.

Daktari kanikataza kuimba. Kusema hajanikataza.

Dada yako,
Mwanakhamisi